Bi Kanga na Maswali ya Nguchiro

Hapo kale, ndege walipokuwa bado wakimwamini kila abishaye hodi kwa adabu, mayai yao yalianza kupotea. Nguchiro, aliyeapa kwamba yeye hula panzi tu, akajitolea kufanya utafiti. Alimuuliza kila ndege yaleyale: "Mama, unatagia wapi? Ukienda kula, nani hubaki kulinda?"

Ndege wakamjibu na kumshukuru. Mayai yakazidi kupotea.

Bi Kanga, asiyeamini hata kivuli chake, akakosa raha. Mbona mtafiti haulizi habari za nyayo za mwizi? Mbona anauliza habari za mayai yaliyobaki tu, yaliyoibwa hayataji? Zamu yake ilipofika, akajibu kwa upole, "Mimi, mwanangu, natagia katika lile shimo chini ya mgunga. Hakuna anayelinda. Ila usimwambie mtu."

"Siri yako nitakwenda nayo kaburini, mama."

Kesho yake, ndege walipokutana kusikiliza matokeo, Nguchiro alikuja akichechemea, pua imemvimba.

"Pole, mwanangu," akasema Bi Kanga. "Umepatwa na nini?"

"Siafu tu, mama. Nilikuwa nawinda panzi."

Bi Kanga akawageukia wenzake. "Jana nilimwambia natagia katika shimo chini ya mgunga. Lile shimo ni la siafu, sijawahi kutaga pale. Nami nilikuwa na utafiti wangu, wa swali moja tu: nikimwambia yeye peke yake, atakwenda nani?"

Nguchiro akafungua mdomo aulize jambo, lakini midomo ya ndege ilikuwa imeshamfikia.