Soksi Nyeupe Pe

Kituo cha tano cha mbio za ramani na dira kilikuwa ng'ambo ya mto, na mto wenyewe haukuwa na daraja. Fundi cherehani alilijua hilo vizuri, maana alikuwa ameuvuka nusu saa iliyopita, maji yakimfika kifuani, ramani kaibana kwa meno.

Sasa alisimama kwenye mstari wa kumalizia, akiwa wa pili, viatu vyake vikilia chwaka chwaka, akimtazama mshindi akivishwa medali. Mshindi alikuwa wifi yake. Wiki nzima walikuwa wakiamka pamoja alfajiri, wakipanda vilima na kufundishana kusoma dira. Nafasi ya timu ya taifa ilikuwa moja tu.

Viatu vya wifi vilikuwa vikavu. Vumbi lilikuwa limetulia hadi kwenye kamba zake.

"Mwamuzi, huyu hakuvuka mto."

"Kadi yake ina mihuri ya vituo vyote, dada. Kubali kushindwa."

"Nikubali? Kadi inaweza kubebwa na yeyote ikagongwe mihuri! Tazama miguu yake!"

"Wivu wa mawifi huo," mtu mmoja alisema nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Fundi alipanda jukwaani, akapiga magoti, akashika kamba ya kiatu cha wifi yake.

"Wifi, nakuomba," mwenzake alinong'ona. "Tutayamaliza nyumbani."

"Tutayamaliza hapa hapa."

Akakivua kiatu, akauinua ule mguu juu watu wote wauone. Soksi ilikuwa nyeupe pe.

Kicheko kikakatika. Mwamuzi akanyoosha mkono, akaiomba kadi tena.