Mkono wa Kupikia

Wanawake arobaini wa kijiji cha Samuye walisimama kwenye shamba langu la pamba, majembe begani, na mimi sikuwa nimepika hata ugali. Kwetu anayelimiwa huwalisha wanaolima. Niliinamisha kichwa kwa aibu.

"Nisameheni. Sina mkono wa kupikia."

Wote waliujua mkono huo. Tangu mwaka arobaini na nane ulikuwa umefungwa kamba moja na mkono wa mwanangu Mabula, kwa kuwa sauti anazozisikia yeye peke yake humwita porini. Kamba ilikuwa imenichimba mfereji mweusi kwenye ngozi.

Kiongozi wao, bibi mfupi mwenye ngoma, akacheka.

"Chakula tumebeba, Mama Mabula. Leo hatukuja kula, tumekuja ulale."

"Bibi, atakimbia."

"Tupo arobaini. Atapitia wapi?"

Fundo la kamba lilikataa kufunguka, bibi akaling'ata kwa meno mpaka likaachia. Kamba akaitupa. Akampa Mabula jembe lake mwenyewe, akaanza kupiga ngoma.

Mwanangu aliinua kichwa, akasikiliza. Kisha jembe lake likashuka pamoja na yao.

Nikalala palepale, juu ya udongo. Majembe arobaini, pamoja na la mwanangu, yalikuwa yakiitetemesha ardhi chini ya shavu langu.