Kiatu cha Pili

Mtaalamu alipompaka binti yangu jeli ya baridi kwenye muundi, nilisimama nitoke. Kwenye eksirei ndivyo tulivyozoea: mtoto hubaki analia, mama husubiri nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi, dada? Mashine hii haina mionzi, ni mwanga na sauti tu. Kaa umshike mkono."

Nikakaa. Akatuvisha miwani myeusi.

"Mama, umekuwa nzi," alisema Chiriku. Tunamwita hivyo kwa maneno yake mengi.

Plasta ilifunguliwa asubuhi, baada ya wiki nyingi za kuvaa kiatu kimoja. Sasa tungejua kama mfupa umeunga, au arudi kupasuliwa.

Mwanga mwekundu ulipomgusa, mguu uling'aa kwa ndani, kama kiganja kilichofunika tochi.

"Mwanga ukiufikia mfupa, mfupa unatoa sauti," mtaalamu alisema. "Sisi hatuisikii. Mashine inaisikia, halafu inaichora."

Chiriku akanyamaza kabisa, atege sikio.

Kwenye skrini mfupa ulijichora taratibu, kuanzia gotini kwenda chini. Niliutafuta ule ufa tuliouona kwenye eksirei. Mtaalamu naye aliutafuta, akarudia tena. Kisha akazima mwanga.

"Dada," aliniuliza, "kiatu chake cha pili mmekuja nacho?"