Matundu Mawili ya Chiriku

Hironimus alikuwa na waya mdomoni na kibao chekundu mkononi aliposikia Mwanahawa akikohoa nyuma ya hema. Akakifunga upesi kwenye tundu la kushoto. Kile cha buluu kilishahamia la kulia. Kazi ya dakika moja tu, na miaka sita ya utafiti wa Daktari George imekwenda na maji. Na iende!

Chiriku walikuwa arobaini, ishirini kila tundu, wote kifua cha njano, wote wapiga kelele. Bila vibao hata Daktari asingejua yupi ni yupi. Damu yao ilipimwa Ulaya, majibu yakasema wa kibao chekundu wamerithi kinga za namna nyingi, wa buluu namna chache. Asubuhi hiyo walikuwa wanapelekwa Songea mjini wakaambukizwe ndui ya ndege. Wangefungiwa wiki nne, ufunguo akae nao bwana mifugo peke yake, kisha wakubwa waje kutoka Dar es Salaam. Daktari alishawaandikia: wekundu watapona. Akipatia, anapewa ukurugenzi. Akikosea, mradi unafungwa na yeye anaaibika nchi nzima.

Na nani aliyemfumbua macho? Ni Hironimus, mtega ndege wa Lusewa, aliyeona kwanza kwamba chiriku wenye makovu ya ndui miguuni ndio ambao makinda yao hupona ndui ikirudi. Alimwonyesha Daktari kiota kwa kiota. Daktari akaandika kitabu kizima, na jina la Hironimus halimo hata kwenye shukrani. Kisha, mwaka huu wa 1997, ikaja barua ya kupunguzwa kazi.

"Siyo mimi, bwana. Ni mageuzi ya uchumi," Daktari alisema, huku anachokonoa meno.

Mwanahawa, mpishi wa kambi, mama wa Tunduru aliyemuuguza Daktari malaria mara tatu, alipata barua kama hiyo siku hiyo hiyo.

"Dada, wewe huna hasira?" Hironimus alimuuliza alipotokea sasa nyuma ya hema, huku akijifuta mikono.

"Ninazo, mdogo wangu. Lakini mimi namwachia Mwenyezi Mungu."

Hironimus alimdharau. Wapole wa namna hii ndio wanaokanyagwa kila siku. Akamwacha anawatilia ndege mtama, akaenda kumwita dereva.

Wiki nne alizihesabu siku baada ya siku. Ilipofika siku yenyewe alivaa shati lake la kanisani, akapanda lori hadi mjini, akasimama mbele kabisa. Hakutaka kuukosa uso wa Daktari.

Bwana mifugo alitoa matundu yamefunikwa shuka. Daktari akavuta shuka la kwanza. Kibao chekundu: chiriku ishirini, wanarukaruka na kuimba. Akavuta la pili. Kibao cha buluu: wamebaki watatu, macho yamevimba, hawawezi hata kusimama kwenye kijiti.

Makofi yakalipuka. "Mkurugenzi!" mtu mmoja alipaza sauti, na Daktari akacheka mpaka gego la mwisho likaonekana.

Hironimus aliwakodolea macho wale ishirini. Wale waliokuwa wanaimba ndio dhaifu, aliwabandika kibao chekundu kwa mikono yake! Basi yale makovu, vile viota, yote aliyoyaona kwa macho yake miaka sita yalikuwa uongo? Alikuwa amekuja kumvua nguo mwizi, kumbe hata hicho alichoibiwa hakikuwa kitu.

Kwenye kona alimwona Mwanahawa na sinia la soda. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Dada, unamlilia furaha yule?"

"Furaha ya nini!" Mwanahawa alimvuta karibu, akanong'ona kwa hasira. "Hironimus, vile vibao nilivibadilisha mwenyewe kule Lusewa, ulipokwenda kumwita dereva."