Visu Kwenye Taulo

Mjamzito aliingia saluni kwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, akiwa amebeba visu vyote vya nyumbani kwake. Alikuwa ameviviringisha ndani ya taulo jipya la mtoto.

"Nitunzie hivi, wifi."

Msusi akakiacha kichwa alichokuwa akisuka, nusu mistari, nusu timutimu. "Na vitunguu utakatia nini, meno?"

Mjamzito hakucheka, yeye aliyekuwa hodari wa utani. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Mkono haukubanduka tumboni, na macho yalisema hajalala.

"Kuna mtu pale nyumbani simwamini," alisema. "Namwogopea mtoto."

"Mumeo yuko wapi?"

"Hapo nje, ananisubiri. Siku hizi kazini haendi. Ananifuata hadi mlango wa choo. Nikilala, analala mlangoni, ufunguo mfukoni."

Msusi alipandwa na hasira mpaka kitana kikamdondoka. Mawifi wengi huwatetea ndugu zao hata kosa likiwa wazi. Huyu hakuwa wa kundi hilo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akalibeba taulo na visu vyake, akatoka.

Njia nzima alikuwa akimfokea mdogo wake. Walipofika nyumbani alimpokonya ufunguo. "Nenda ukakae kwa mama mpaka mwenzio ajifungue!"

"Dada, nisikilize kwanza."

"Nimeshasikia ya kunitosha. Toka!"

Mume akamtazama mkewe, akingoja aseme neno. Mke aliinamisha kichwa. Aliona aibu kulisema. Tangu utoto mume huyu hakuwahi kushindana na dada yake, na leo pia hakuweza. Akaondoka polepole, akigeuka nyuma kila mara.

Msusi alijisikia fahari, na kwa kweli alimpenda wifi yake. Akavirudisha visu kwenye droo ya jikoni kimoja kimoja, akakung'uta mikono. "Haya, pumzika sasa na mwanao. Mimi nawahi, nimeacha kichwa cha watu nusu."

Mjamzito akamng'ang'ania mkono, jasho likimtiririka. "Wifi, usiniache naye."

"Na nani tena? Si nimeshamtoa? Humu hamna mtu."

"Nimo mimi."