Ripoti ya Kitanda cha Tisa

Yasinta aliweka mikono nyuma, akaanza na kitanda cha kwanza. Hakushika karatasi.

Hiyo ilikuwa desturi ya Sista Hilda, muuguzi mfawidhi wa wodi ya wanawake. Kila asubuhi saa moja na nusu, zamu ya usiku ilikabidhi wodi kitanda kwa kitanda, na kiongozi wa zamu alitakiwa kumtaja kila mgonjwa kwa jina, umri, ugonjwa na alivyoamka, yote kutoka kichwani. Ukishindwa, Sista Hilda alikuambia mbele ya wenzako kwamba ulilinda vitanda, hukulinda watu.

Asubuhi hii ilikuwa na uzito wake. Sista Hilda alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na kabla ya saa nne alitakiwa kupeleka kwa metroni jina la atakayeshika nafasi yake. Aliyemtaka ni Yasinta. Kwa miaka mitatu alimwona akitoka zamu na kwenda moja kwa moja kwenye masomo ya jioni, hana hata muda wa kupita chumbani kwake Ipagala, mpaka stashahada ikapatikana. Fomu ilikuwa mfukoni, haijajazwa. Ilibaki kasoro moja.

Kasoro yenyewe ilikuwa kitanda cha tisa.

Alilazwa hapo Bi Ruthu, mjane kutoka upande wa Mtera, moyo umechoka, miguu imejaa maji. Wiki mbili nzima Yasinta alikuwa anamalizia mzunguko wake kwake. Alimkata kucha. Alimsuka. Siku moja Sista Hilda alimkuta anamlisha mlenda kutoka kwenye hotipoti, akamvuta mpaka chumba cha dawa.

"Siku hizi tunapikia wagonjwa? Basi kesho na mimi uniletee."

Yasinta alisema bibi yule hali kitu kingine. Sista Hilda akamjibu kwamba kiongozi hana mgonjwa wake. Hata ndugu wa damu akilazwa, muuguzi anahamishiwa wodi nyingine siku hiyohiyo. Emiliana alihamishwa dada yake alipoletwa, na hakulalamika. Ukiwa na wako, alisema, wengine watakufa wewe umeinama kwake.

"Sawa, Sista," alisema Yasinta, akaenda kuosha hotipoti.

Kilichomuudhi Sista Hilda zaidi ni ndugu wa mgonjwa huyo. Saa ya kuona wagonjwa, vitanda vingine vilizungukwa na watu na vikapu. Cha tisa, hakuna mtu. Na bibi mwenyewe alikuwa amesema ana binti mmoja, hapahapa Dodoma.

"Sasa yuko wapi?" Sista Hilda alimuuliza.

"Yuko kazini, Sista," alijibu Bi Ruthu, akatabasamu. "Ana kazi nyingi. Msimlaumu."

Sista Hilda alimlaumu. Siku iliyofuata, wakitandika kitanda cha jirani, alimwambia Yasinta kwamba watoto wa namna hiyo anawajua, huwa wanakuja na jeneza zuri. Bi Ruthu alikuwa amefumba macho. Yasinta alikunja pembe ya shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kitanda cha nne," Yasinta alisema sasa. "Dilnaz Rizwan, miaka ishirini na mitano, wiki ya tatu tangu ajifungue."

Saa kumi na moja alfajiri damu ilikuwa imeanza kumtoka upya, presha ikashuka. Yasinta alimwita daktari, akafungua dripu ya pili, akakaa naye mpaka presha ilipopanda. Dilnaz mwenyewe, mweupe kama shuka lake, alikuwa ameegemea mto na kikombe cha chai. Alikuwa ameomba apigiwe simu nyumbani, si kuongea na mtu, bali asikie mwanawe akilia.

Wakaendelea, cha tano mpaka cha nane. Yasinta hakukosea jina.

Kitanda cha tisa kilikuwa kitupu. Kilishatandikwa upya, pembe zimenyooka.

"Ruthu Sila," alisema Yasinta. "Miaka sitini na sita. Moyo. Alibadilika saa kumi na moja na dakika kumi."

"Wewe ukiwa cha nne."

"Nikiwa cha nne. Nilimtuma Elieza, niliyekuwa naye zamu, na alifanya yote niliyomwambia. Alifariki saa kumi na moja na dakika ishirini."

"Ulimwona?"

"Nilifika dakika ya ishirini na tano."

Sista Hilda alimtazama. Macho makavu. Sauti ileile ya kitanda cha kwanza. Mgonjwa aliyekuwa anampikia, amemwacha, akamshika yule aliyeweza kurudi kwa mtoto wake. Miaka thelathini na saba ya kufundisha, na hakuwahi kuona somo lake limemwingia mtu hivi. Akatoa fomu mfukoni, akaiweka juu ya kabati la kitanda cha tisa, akaandika: Yasinta Ernest. Akatia sahihi.

"Na ndugu?" aliuliza, akifunika kalamu.

"Binti mmoja. Ameshajua."

Hapo Sista Hilda alishindwa kujizuia. "Na leo je, atakuja? Au bado yuko kazini?"

"Bado yuko kazini, Sista," alisema Yasinta, akapiga hatua moja mbele. "Amebakiza vitanda viwili akabidhi. Cha kumi: Zaitun Hasani, miaka arobaini na mmoja, ameamka vizuri."