Shati la Ndugu Yake

Ufunguo haukuwepo chini ya mtungi.

Barwako aliinama tena, akapapasa mchanga kwa vidole vyote kama anayetafuta sindano. Nyuma yake alisimama Ahmednoor, mkaguzi mpya wa kamati ya msaada hapa Garsen, faili kwapani, akingoja. Jua la saa nne lilichoma, lakini jasho lililomtiririka Barwako mgongoni lilikuwa la hofu tupu.

Nyumba haikuwa yake. Hakuwahi hata kuingia ndani.

Tangu mto ubebe nyumba yake kule Kilelengwani, yeye na binti yake Muna walikuwa wakilala kwenye vibanda vya soko, juu ya magunia. Kamati iliwapa unga, maharagwe na mafuta kila mwezi, na hicho ndicho walichokula. Kisha ikaja sheria mpya, sijui ni nani aliyeiota: msaada ni wa wenye makao yanayojulikana mjini, na kila nyumba itakaguliwa. Yaani asiye na nyumba aonyeshe nyumba ndipo asaidiwe.

Barwako akaandikisha kuwa makao yake ni nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya kinu cha kusaga. Kila alipokwenda kuteka maji bombani aliikuta imefungwa. Mara mbili alimwona mama wa kufua nguo akitoa ufunguo chini ya mtungi na kuurudisha hapo hapo. Barwako hakuwahi kumwona mwenye nyumba. Watu wa bombani walisema ni mtu wa kutoka alfajiri na kurudi usiku. Basi angeingia, aonyeshe, atoke, afunge. Dakika kumi tu.

Asubuhi hiyo ofisini, Ahmednoor alikuwa ameisoma fomu yake mara mbili. Alimtazama, akafunga faili, akasema waende akaione hiyo nyumba. Barwako alikuwa amemwacha Muna sokoni kwa muuza maziwa, na njiani kila hatua alimfikiria. Akishikwa ndani ya nyumba ya watu, hilo si la kamati tena, ni la polisi. Na Muna atabaki na nani?

"Wengi mtaa huu huweka juu ya dirisha," Ahmednoor alisema.

Barwako akanyoosha mkono juu ya dirisha bila matumaini. Ufunguo ulikuwepo. Akacheka kicheko kikavu, akasema kusahau ndiyo kazi yake siku hizi. Mlango ukafunguka.

Ndani kulikuwa na mkeka, kiti cha plastiki, kitanda kimoja karibu na dirisha, na godoro lililokunjwa pembeni. Barwako alimkaribisha mgeni kitini. Mgeni akakisogeza kiti kando, akaketi mkekani, akafungua faili. Barwako akakaa yeye kitini. Mguu mmoja wa kiti ukalegea, nusura aanguke. Akasema upesi kwamba kiti hicho kimezeeka, kila siku anasema atakitengeneza.

Mkaguzi aliuliza taratibu, hakuwa na haraka yoyote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Wanalala wangapi? Wawili, yeye na binti yake. Tangu lini? Tangu mafuriko. Masikio ya Barwako yalikuwa nje, yakisikiliza kila mtu aliyepita uchochoroni. Pikipiki ikasimama karibu na mlango, akageukia mlango. Baadaye kidogo ikaondoka.

Kisha Ahmednoor akainua kalamu kuelekea ukutani. Shati la kiume, la mistari ya buluu, lilining'inia kwenye msumari.

"Na hili la nani?"

Barwako hakuwa ameliona. "La ndugu yangu," alisema. "Yuko kazini. Hurudi usiku."

"Ndugu wa kuzaliwa?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

Ahmednoor akaandika, na aliandika maneno mengi kuliko jibu lenyewe. Juu ya shati kulikuwa na picha ya mama mmoja aliyejifunga mtandio, amekaza macho kana kwamba hamwamini mpiga picha. Barwako aliomba Mungu asiulizwe. Akaulizwa.

"Mama yetu," alisema. "Mungu amrehemu. Alifariki mwaka jana."

Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya uongo. Alimlilia mama yake mwenyewe, ambaye hata kaburi lake maji yamelifunika. Akaeleza kwamba mama huyo hakuwahi kumfukuza mtu mlangoni, hata siku ambazo sufuria ilikuwa tupu. Ahmednoor aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Nje mtu akakohoa. Barwako akasimama, akasema kama wamemaliza, ana mtoto anayemngoja.

Wamemaliza, mkaguzi alisema. Akatia sahihi chini ya fomu, akamsomea: makao yamethibitishwa. Sasa Barwako alitaka kitu kimoja tu, mtu huyu atoke mbele yake, naye afunge mlango, aurudishe ufunguo, akimbie.

Ahmednoor akainuka. Badala ya kwenda mlangoni, alilitungua shati msumarini, akalikunja, akalitia kwapani pamoja na faili.

"Mimi nitalala kwa rafiki siku hizi mbili," alisema. "Mama anarudi Ijumaa kutoka Bura. Mwachieni kitanda cha dirishani, wewe na mtoto mchukue godoro. Na tafadhali, dada, usimwambie kwamba ulishamzika."